Mvumo Chini ya Piano

Februari 2011, kinyang'anyiro cha Oscar ya muziki wa filamu kilikuwa na wakubwa wenyewe: Hans Zimmer na Inception, A.R. Rahman na 127 Hours, Alexandre Desplat na The King's Speech, John Powell na How to Train Your Dragon. Walioondoka na sanamu ni Trent Reznor na Atticus Ross, kwa muziki wa The Social Network. Reznor ndiye yule wa Nine Inch Nails, bendi ambayo tangu albamu yake ya kwanza mwaka 1989 imekuwa ikilichukua gitaa la roki, kulisukuma ndani ya mashine, na kukuletea chochote kitakachotokea upande wa pili. Ni kama kamati ya harusi kumpa fundi wa kuchomelea mageti kazi ya kuoka keki, halafu keki itoke safi kuliko zote mtaani.

Hii ndiyo albamu ya filamu ninayoipenda kuliko zote, na tuzo haihusiki. Naipenda kwa sababu inabishana na filamu yake yenyewe. Aaron Sorkin aliandika maneno, David Fincher akaongoza, na maneno yenyewe ni mengi na ya haraka, kama makanga wa matatu saa kumi na mbili jioni mvua ikitishia. Kila mtu ana jibu. Kila jibu lina kiwembe ndani. Lakini chini ya maneno hayo kuna muziki ambao hausikilizi kabisa kinachosemwa. Unaendelea na shughuli zake. Ukiufuatilia, unagundua filamu moja ina maelezo mawili kuhusu Facebook ni kitu gani, na maelezo hayo hayapatani.

Maelezo ya Sorkin ni haya: kijana ameachwa na msichana, amenyimwa nafasi kwenye vilabu vya watoto wa matajiri pale Harvard, anaunda tovuti, anatajirika, anamsaliti rafiki yake wa pekee. Ukimwelewa kijana, umeielewa kampuni. Ni hadithi tamu na ya zamani sana. Hata bibi yako angeielewa. Kwa Reznor na Ross, kijana ni mlango tu. Kitu chenyewe ni mvumo ulioanza usiku mmoja mwaka 2003 na haukuwahi kuzimwa. Miaka zaidi ya kumi na mitano imepita tangu filamu itoke, na kwa mtu anayeishi Nairobi, naona ni muziki ulioshinda ule ubishi.

Wacha tuanze pale filamu inapoanzia, kwa sababu inaanza na roki, ila si ya Reznor. Mark na Erica wameketi baa. Nyuma yao inapigwa Ball and Biscuit ya The White Stripes, kutoka albamu ya Elephant iliyotoka mwaka huohuo wa 2003. Kwenye maandishi ya jalada la albamu hiyo, bendi ilijigamba kwamba hakuna kompyuta iliyotumika kuitunga, kuirekodi wala kuichanganya. Ni gitaa, ngoma, na mitambo ya zamani ya kurekodia kwenye mkanda. Iwe makusudi au bahati, filamu kuhusu kompyuta iliyogeuza dunia inafungua mlango kwa muziki ambao kompyuta haikuugusa. Fincher ameiacha kelele ya baa juu, hadi unajipata umeinamia skrini ili umsikie Erica. Watu wawili, meza moja, muziki wa mikono, na bado hawasikilizani. Usidhani basi kwamba kabla ya mashine mambo yalikuwa mazuri.

Erica anaondoka. Mark anatoka nje, anakatiza chuo usiku, begi mgongoni, mwendo wa mtu anayechelewa kitu ambacho hakipo. Hapo ndipo unaingia muziki wa Reznor na Ross, kipande kinachoitwa Hand Covers Bruise, yaani mkono unafunika jeraha. Piano inadondosha noti chache, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi wakati stima zimepotea, akipapasa ukuta. Hakuna haraka, hakuna mapambo. Mtoto aliyefundishwa piano mwezi mmoja anaweza kuzipiga.

Chini ya noti hizo kuna mvumo. Mwanzoni unaweza kudhani ni friji ya jirani. Unatetemeka, unajaa kidogo, unapungua, lakini hautoki. Miongoni mwa vyombo alivyotumia Reznor kwenye kazi hii ni Swarmatron, sinthesaiza iliyoundwa kwa mkono na binamu wawili wa Kimarekani, yenye sauti nane zinazolia kwa pamoja huku mpigaji akitelezesha kidole juu ya utepe. Sauti hizo zinaweza kukaribiana hadi zikasuguana, na zikisuguana unasikia nyuki. Nyuki wengi, ndani ya ukuta, ambao hawajaamua bado kama watatoka.

Kwa hiyo katika dakika chache za mwanzo tumeshapewa kila kitu. Piano ni mkono: kidole kinagonga, nyundo inagonga waya, sauti inazaliwa na kufa. Mvumo ni mashine: haukuzaliwa na pigo lolote na hauna sababu ya kufa. Watu husema albamu hii "inachanganya" roki na elektroniki, kama vile mtu anavyochanganya chai na maziwa. Mimi naisikia kama mashindano. Katika kila kipande unaweza kujiuliza nani anaongoza, mkono au mashine, na jibu linabadilika polepole hadi mwisho.

Sikiliza jinsi mada hiyo ya piano inavyorudi filamu ikiendelea. Kwa kawaida, mada ya mhusika mkuu hukua pamoja naye. Anaanza maskini na zumari moja, anamaliza na okestra nzima na kwaya juu yake. Hapa ni kinyume. Noti ni zilezile, lakini kila zikirudi zinasikika mbali zaidi, kana kwamba maikrofoni imesogezwa nyuma hatua kadhaa. Chumba kinakuwa kikubwa, piano inakuwa ndogo. Kampuni inapanda kutoka bweni moja hadi watu milioni moja, na sauti ya mtu aliyeianzisha inazidi kupotea ndani ya jengo lake mwenyewe. Sorkin alihitaji kurasa na kurasa za mawakili kutuambia Mark amebaki peke yake. Muziki ulifanya kazi hiyo kwa kuisogeza piano mbali tu.

Na gitaa je? Roki yenyewe iko wapi? Iko, lakini imevaa kiraka. Machi 2008, Nine Inch Nails walitoa Ghosts I–IV, vipande 36 visivyo na kuimba, chini ya leseni ya Creative Commons iliyowaruhusu watu kuvigawa na kuvitengeneza upya mradi hawavifanyii biashara. Miaka miwili baadaye, Reznor na Ross walichukua viwili kati ya hivyo, wakavishona upya kwa ajili ya filamu: ndivyo tunavyovijua leo kama A Familiar Taste na Magnetic. Katika A Familiar Taste gitaa linaingia likiwa limechafuka kabisa, zito, linakwaruza, na kwa muda mfupi unasikia Nine Inch Nails ile ya zamani ikiinua kichwa.

Hebu tulia hapo kidogo. The Social Network ni filamu ya watu wanaoshtakiana kuhusu wazo ni la nani. Mapacha wa Winklevoss wanasema wazo ni lao. Eduardo anasema pesa zilikuwa zake. Mark anasema kama wao ndio waliovumbua Facebook, basi wangeivumbua. Na chini ya kelele hiyo yote, unasikia sauti zilizokuwa zimeshatolewa kwa umma zichezewe na yeyote. Albamu yenyewe ilipotoka Septemba 2010, vipande vitano viligawiwa bure na nzima ikauzwa dola 5 mtandaoni. Yaani waliotengeneza muziki walikuwa wanajaribu namna nyingine ya kuishi kwenye intaneti, tofauti na ile ambayo filamu inaihadithia. Kwangu huu si udaku wa nyuma ya pazia. Ni hoja. Mashine haikuwa lazima iwe hivi ilivyo.

Kipande ambacho watu wengi hukikumbuka ni kile cha mashindano ya mitumbwi pale Henley, Uingereza. Mapacha wanapiga makasia kwa nguvu zao zote na wanashindwa kwa kiasi kidogo sana. Muziki ni In the Hall of the Mountain King wa Edvard Grieg, uliotungwa mwaka 1875 kwa ajili ya tamthilia ya Ibsen, Peer Gynt. Hata kama hujui jina, unaujua: ule unaoanza kwa kunyata, kisha unaongeza mwendo hadi unakuwa wazimu. Lakini okestra imeondolewa, sinthesaiza zimekalia viti vyake. Mapacha ni watu wa dunia ya zamani: mitumbwi, suti, jina la baba. Wanadhani bado wako ndani ya muziki wao wa karne ya 19, na wamechelewa kusikia kwamba vyombo vimeshabadilishwa. Ni mzaha mkali kuliko sentensi yoyote aliyoandika Sorkin kuwahusu, na hakuna neno lililotamkwa.

Sasa nifike kwenye kinachonikera, maana kupenda kitu si kukifumbia macho.

Kuna kipande kinaitwa In Motion. Mark amerudi bwenini, amelewa, ana hasira, na anaunda Facemash, tovuti ya kuweka picha za wasichana wawili wa Harvard bega kwa bega ili wavulana wachague nani mrembo. Wakati huohuo, basi zima la wasichana linapelekwa kwenye sherehe ya klabu cha matajiri. Filamu inaruka kati ya chumba na sherehe, na In Motion inaziunganisha zote mbili: mdundo wa elektroniki unaodunda kwa kasi, besi inayosukuma, sauti ndogo ndogo zinazorukaruka kama vidole kwenye kibodi. Ni noma. Mabega yanacheza yenyewe. Na kinachofanyika kwenye skrini ni ukatili.

Unaweza kuutetea uamuzi huo. Unaweza kusema muziki unatunasa kwa makusudi, ili tuonje utamu aliouonja Mark, kisha tujishtukie. Mimi nakubali nusu ya utetezi huo. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu wengi wetu hatukujishtukia. Tulichukua utamu tukaenda nao. Wasichana wale hawana mada yao kwenye albamu, hawana hata noti tatu za piano. Erica ana wimbo wa The White Stripes nyuma yake, na akishatoka baa, muziki unamwacha. Albamu hii inaisikia mashine vizuri kuliko filamu, lakini kwa wale waliokuwa wa kwanza kusagwa nayo haina sikio, na katika hilo imefanana na filamu.

Na utamu ule ulisafiri mbali. Mwaka uleule wa 2010 ambao filamu ilitoka, iHub ilifunguliwa Ngong Road, na Nairobi ikaanza kujiita jina la kujivunia kuhusu teknolojia na savana. Filamu ilifika kwetu kwa njia zake: kwa waliokuwa na pesa, sinema, kwa wengine wetu, DVD ya bob hamsini yenye jalada lililochapwa upande. Kizazi kizima cha vijana wa kompyuta kiliitazama kama mahubiri. Somo walilotoka nalo lilikuwa: funga mlango, vaa hedifoni, andika kodi hadi asubuhi, omba msamaha baadaye. Na muziki uliokuwa kwenye hedifoni ulikuwa huuhuu. Rafiki yangu mmoja anayeandika programu anaiita albamu hii "diseli". Mimi mwenyewe nimemaliza kazi nyingi za usiku nikiwa nayo masikioni, kwa sababu haina maneno ya kukuvuruga na ina mwendo wa kukubeba. Muziki uliotungwa kama onyo unauzwa leo kama kichocheo cha kuongeza kasi kazini. Ni kama kutumia king'ora cha moto kama wimbo wa kuamkia.

Sijui kazi nyingine ya sanaa iliyogeuzwa hivyo kirahisi, na sidhani lawama ni za msikilizaji pekee. Ukitengeneza mashine nzuri, watu wataiendesha.

Najua kuna msomaji ambaye hapa atauliza: yote haya yanatuhusu nini sisi? Roki na sinthesaiza si ni muziki wa wazungu wenye huzuni? Kwanza, bana, Nairobi ina watu wake wa roki wa siku nyingi, na wamechoka kuulizwa swali hilo. Pili, mwaka 2020 wasee wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la kundi lao, Duma, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Chukua ubishi wa mkono na mashine niliokuwa nikiueleza, toa piano, toa upole, bakiza koo la mtu likipiga mayowe ndani ya ngoma za kompyuta zinazokwenda kasi kuliko moyo. Hapo umeipata Duma. Reznor na Ross walinong'ona kwamba kuna kitu ndani ya ukuta. Duma waliupasua ukuta. Kwa hiyo sikio la kuusikia muziki huu tunalo, na tumekuwa nalo kitambo.

Lakini sababu kubwa ya muziki huu kutuhusu haiko kwenye studio. Iko mahakamani. Mwaka 2022, Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyekuwa ameajiriwa Nairobi kukagua maudhui ya Facebook, aliishtaki Meta na kampuni iliyomwajiri, Sama, katika mahakama ya hapa Kenya. Mwaka 2023 wakaguzi 184 wakaenda mahakamani na kesi yao. Kazi yao ilikuwa kutazama yale ambayo mimi na wewe hatukupaswa kuyaona tukifungua simu: watu wakiuawa, watoto wakidhulumiwa, miili. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba mwaka huo ikaripotiwa kwamba ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wana maradhi ya akili yanayomfuata mtu aliyepitia mambo ya kutisha, yale yanayorudisha tukio kichwani hata umefumba macho. Kampuni zimepinga madai hayo, na uamuzi ni wa majaji.

Rudi sasa kwenye filamu ukiwa na habari hizo. Kwa maelezo ya Sorkin, madhara ya Facebook ni marafiki wawili waliokosana na fidia iliyolipwa na mawakili. Kila aliyeumizwa ana jina, ana suti, na ana kiti kwenye meza ndefu. Katika hadithi hiyo hakuna nafasi ya mtu aliyeketi mbele ya skrini Nairobi akiifagia nyumba ya mwenzake. Huwezi kumweka popote. Yeye hakumfahamu Mark, hakusalitiwa naye, hakuwahi kuwa kwenye ile baa.

Kwenye muziki, nafasi yake ipo. Sisemi Reznor na Ross walimjua. Mwaka 2010 kesi hizi zilikuwa mbali sana. Nasema muziki wao haukujali nani ana jina. Ulisikiliza kitu kinachoendelea kuvuma watu wakishatoka chumbani, na kitu hicho lazima kiwe na mtu wa kukesha nacho mahali fulani. Kuna kipande kinaitwa 3:14 Every Night. Soma kwa saa zetu: saa tisa na dakika kumi na nne usiku, kila usiku. Kuna kingine kinaitwa The Gentle Hum of Anxiety, mvumo mpole wa wasiwasi, ambacho ni kama piano ya mwanzo imeachwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nikivisikiliza hivi viwili leo, siwazii bweni la Harvard hata kidogo. Nawazia zamu ya usiku. Nawazia mtu anayeshuka matatu alfajiri, macho mekundu, anapitia watu wanaoenda kazini, na hawezi kumwambia mama yake nyumbani alichokiona.

Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema muziki ulishinda ubishi. Maneno yalieleza aliyeianzisha mashine. Muziki uliisikia mashine yenyewe, kwa hiyo ulibaki na uwezo wa kuwaeleza watu ambao ilikuwa bado haijawafikia.

Imebaki tamati. Mark yuko peke yake kwenye chumba cha mawakili. Amemtumia Erica ombi la urafiki kwenye tovuti yake mwenyewe, na anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Muziki wa Reznor na Ross umenyamaza. Badala yake inaingia Baby, You're a Rich Man ya The Beatles, ya mwaka 1967, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu unasikia binadamu wakiimba. Watu wengi huuchukua wimbo huo kama kejeli tu: wewe ni tajiri, haya, na sasa je? Mimi pia nauchukua hivyo, lakini sikio langu huenda kwingine. Kwenye wimbo huo kuna sauti kama ya zumari ya Kihindi, nyembamba, inayojipinda juu ya mdundo. Si zumari. Ni clavioline, kinanda kidogo cha umeme kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1940, mmoja wa mababu wa sinthesaiza, na aliyekipiga ni John Lennon.

Kwa hiyo filamu iliyoanza na roki isiyoguswa na kompyuta inamalizika na roki ambayo mashine imo ndani yake tayari, inazunguka juu ya vichwa vya waimbaji kama nyuki mmoja aliyetangulia. Hakuna wakati ambapo mkono ulikuwa safi kabisa na mashine ikaja kuuharibu. Wamekuwa pamoja muda wote. Swali lililobaki ni lile ambalo albamu nzima inauliza: nani anamshika mwenzake?

Ukitaka kuisikiliza, anza na Hand Covers Bruise, usiku, filamu ikiwa imezimwa, simu ikiwa mbali. Kila mtu hufuata piano kwa sababu piano ndiyo inayofanana na sisi. Wewe iache iende. Fuata ule mvumo chini yake, uone unakupeleka wapi. Mimi ulinitoa Harvard ukanileta hadi hapa Nairobi, kwa watu wa zamu ya usiku, na bado unavuma.